Harambee ya dawa kwa wenzetu waliopandikizwa figo na kukutwa na vita

Ndugu na marafiki,

Dada mmoja alifika kwetu na vidonge 4 vya takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo iliyopandikizwa, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Njiani alikaa siku 11, akimeza cha asubuhi na kuruka cha jioni ili visimwishie. Figo aliyonayo alipewa na kaka yake.

Wengi hudhani aliyepandikizwa figo amepona, basi. Sivyo. Mwili huiona figo hiyo kama mgeni, na dawa ndiyo inayoutuliza, kwa wengi kila baada ya saa 12. Figo ya kwanza kupandikizwa na kufanya kazi kwa miaka, mjini Boston mwaka 1954, ilitoka kwa pacha wa kufanana, ndiyo maana mgonjwa yule hakuhitaji dawa hizi. Sisi wengine tunazihitaji siku zote. Ukizikosa, mwili huanza kuishambulia figo kimyakimya, na mkojo unapopungua na miguu kuvimba, mara nyingi umeshachelewa.

Figo ikifa, hubaki mashine ya kusafisha damu: kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, kwa lita 120 hivi za maji yaliyosafishwa, na umeme usiokatika. Mahali penye mapigano utavipata wapi hivyo?

Sehemu kubwa ya michango itanunua dawa, akiba ya miezi 3 kwa kila mgonjwa, tena za kampuni ileile aliyoizoea, kwani kubadilisha bila kupima damu ni hatari. Tutalipia pia vipimo na nauli ya kuvifuata. Na kila mmoja tutampa mfuko usioingia maji, wenye kadi ya dawa zake na onyo kwa mhudumu yeyote: asipewe diklofenaki wala ibuprofeni. Kambini hizo ndizo dawa za maumivu zilizo karibu, nazo huumiza figo. Kadi hiyo ni kitu kidogo, lakini tunaithamini mno.

Mwenye dawa zilizobaki nyumbani asizitume kabla ya kuzungumza na muuguzi wetu, aangalie tarehe na jinsi zilivyohifadhiwa.

Michango na ahadi zipelekwe kwa mweka hazina. Kila mchangiaji atapewa stakabadhi, na hesabu zitasomwa mbele ya wote.

Yule dada sasa anameza dawa yake saa moja asubuhi na saa moja jioni, bila kuruka. Zilizobaki zitamfikisha wiki 2.