Kabla ya kuuliza bei ya alpaka, uliza mwaka wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme machache kuhusu alpaka, yule mnyama wa jamii ya ngamia kutoka milima ya Andes. Picha zake zinazunguka sana kwenye simu, na ndugu zetu walioko Marekani wenye eka mbili tatu za malisho wameanza kuulizana bei. Kuuliza bei si kosa, ila kuna swali linalotangulia: huyo mnyama ameupitishaje mwaka? Jibu lake limo kwenye sufu yenyewe.

Chomoa kishungi cha sufu chenye unene wa penseli. Kishike ncha zote mbili, kisogeze sikioni, kisha kivute kwa ghafla. Sufu nzima hulia kama uzi wa zeze. Iliyodhoofika huchakacha, na mara nyingine hukatikia mkononi. Alpaka hunyolewa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo ncha ya nje ni Mei ya mwaka jana na shina ni Mei hii. Kikikatika katikati, hesabu nyuma kama miezi sita: wakati huo mnyama aliugua, alizidiwa na minyoo, au alikuwa ananyonyesha huku chakula hakitoshi. Sufu ya namna hiyo itakatika kwenye mashine ya kuchambulia hata iwe laini kama pamba.

Katika majimbo kama Ohio, wengi hunyoa mwishoni mwa Aprili na mwezi Mei, kabla joto halijapanda. Usiku wa kuamkia siku hiyo wanyama walale chini ya paa, maana sufu yenye unyevu ikiingia mfukoni huota ukungu. Mnyama hulazwa juu ya mkeka, miguu ya mbele ikafungwa kamba upande mmoja na ya nyuma upande wa pili, akanyooshwa. Asiyezoea huona ni ukatili, lakini mnyama anayerusha miguu ndiye anayechanwa na mashine. Fundi mzoefu humaliza kwa dakika tano hadi kumi. Anzeni na weupe, mmalizie na weusi, na sakafu ifagiliwe kila baada ya mnyama mmoja, kwa sababu unywele mweusi ukishaingia kwenye sufu nyeupe hautoki. Sufu ya mgongoni na ubavuni, ambayo ndiyo ya thamani, iwe na mfuko wake. Ya shingo iwe na wake, ya miguu na tumbo iwe na wake. Kosa ninaloliona mno ni fundi kurudia mahali alikokwisha pita ili mnyama apendeze. Vile vipande vifupi vinavyodondoka huchanganyika na sufu ndefu, na sweta likivaliwa mwezi mmoja linajaa vidonge vya nyuzi zilizosokotana.

Mavuno ni kilo 2 hadi 4 kwa mnyama mzima, na karibu nusu yake ndiyo daraja la kwanza. Mfuga kondoo atacheka akisikia hivyo. Asisahau kwamba sufu ya kondoo ina mafuta mengi na inaweza kupoteza karibu nusu ya uzito ikioshwa, ilhali ya alpaka hupoteza kidogo tu. Itandazeni juu ya meza ya wavu, mtikise vumbi na vipande vifupi, mtoe nyasi na nywele nene za pembeni. Mnyama akiwa bado amelala hapo mkekani, akatwe kucha na meno ya mbele yaliyozidi urefu, maana kumkamata mara ya pili ni kumtesa bure.

Baada ya kunyoa linakuja joto. Likizidi, alpaka hulala akihema mdomo wazi. Hapo watu hukimbilia kummwagia maji mgongoni, nao wanamuumiza. Sufu iliyolowa hushika joto kama blanketi bichi. Maji yapelekwe tumboni na katikati ya mapaja, ambako manyoya ni haba na joto lina pa kutokea.

Lakini kinachomaliza mifugo hii mashariki mwa Marekani ni mnyoo wa uti wa mgongo. Kulungu mwenye mkia mweupe hukaa nao bila kuumwa. Viluwiluwi vya mnyoo huo hutoka na kinyesi cha kulungu, vikaingia kwenye konokono, hasa wale wasio na nyumba, na alpaka humeza konokono akila majani mabichi. Ndani ya mwili usio wake, mnyoo hupotea njia na kuharibu uti wa mgongo na ubongo. Dalili ya mwanzo ni mguu wa nyuma unaoburuzwa kidogo, mtu akadhani ameteguka. Ukisubiri siku tatu uone, pengine hatasimama tena. Ndiyo maana wafugaji wa huko huchoma sindano ya ivermektini, dawa ya minyoo, kila baada ya siku 30 hivi, kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Dawa hiyo nayo ina gharama yake: kuitumia kila mwezi kumewazoesha minyoo ya tumboni inayonyonya damu, na sasa katika mashamba mengi haiwaui. Kwa hiyo kila wiki mbili funua kope la chini uangalie rangi. Jekundu ni salama, lililopauka kama karatasi ni hatari, mwite daktari siku hiyohiyo. Macho yasikudanganye kwamba amenona, sufu huficha mifupa. Bonyeza mgongo kwa kiganja, nyuma ya mabega, na ukihisi umekuwa kama paa la nyumba, amekonda.

Jike hubeba mimba kwa takriban miezi kumi na moja na nusu, na huzaa mtoto mmoja, kwa kawaida kati ya asubuhi na mchana. Kule Andes usiku ni barafu, na mtoto anahitaji jua akauke. Uchungu ukianza usiku, shuka na taa bandani usubiri hapohapo. Kitovu kichovywe kwenye iodini, kondo la nyuma litoke ndani ya saa sita, na dang'a inyonywe mapema, ndani ya saa chache za kwanza. Mtoto apimwe kila siku kwa mizani. Huzaliwa na kilo 6 hadi 9, na baada ya siku ya kwanza anatakiwa aongeze gramu 200 au zaidi kwa siku. Siku mbili bila kuongezeka ni maziwa yamekosekana. Mkimnywesha kwa chupa na ni dume, muacheni aishi na wenzake, msimfanye mwanasesere wa watoto. Akikua akidhani binadamu ni alpaka mwenzake, atawarukia na kuwakanyaga.

Majira ya baridi hayawatishi sana. Shida ni jua. Kwenye asili yao, mita 4,000 juu, jua ni kali mwaka mzima. Huku Desemba halitoshi, na watoto waliozaliwa mwishoni mwa mwaka hupata matege wasipopewa vitamini D. Nyasi kavu zihesabiwe kilo moja na robo hivi kwa siku kwa mnyama wa kilo 65, na maji yasigande. Chakula cha ng'ombe au cha kuku kisiingie zizini kabisa, kwani dawa aina ya monensini inayochanganywa humo inawaua.

Kuhusu pesa, Marekani ilianza kuingiza alpaka kibiashara mwaka 1984. Bei za majike zikapanda hadi makumi ya maelfu ya dola, huku wafugaji wakiuziana wao kwa wao. Mwaka 2005 wachumi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliandika kwamba sufu haiwezi kamwe kulipa bei zile. Baadaye zikaporomoka, na waliokopa wakabaki na madeni. Leo dume aliyehasiwa hupatikana kwa dola mia chache.

Basi ukienda kununua, omba uonyeshwe sufu ya mwaka jana ya mnyama huyohuyo, uivute sikioni. Omba daftari la sindano na la uzito. Funua kope mwenyewe. Wala usichukue mmoja, maana akiwa peke yake hudhoofika hata kama malisho yamejaa. Anza na watatu wa jinsia moja.

Mfugaji,
Ohio, Marekani