Mafuta hayanyweshi nywele, huzuia maji yasitoke

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nieleze jambo ambalo mimi, msusi wa hapa Wete kwa zaidi ya miaka 20, nimekuwa nikimweleza mteja mmoja mmoja, na sasa naona ni bora nilieleze mbele ya wengi.

Haipiti wiki bila ya mama kuniletea binti yake ambaye kichwa kinang'aa mafuta, lakini nikipitisha kitana nywele zinakatika kama majani makavu ya mgomba. Mama huniambia kwamba ameshabadilisha mafuta mara tatu na hakuna yaliyomfaa. Nikimuuliza anayapaka vipi, jibu huwa ni lile lile: asubuhi, nywele zikiwa kavu, huyachota kwa wingi akayapaka juu juu. Kosa liko hapo. Kinacholainisha nywele ni maji, na mafuta hayana maji ndani yake; kazi yake ni kuufunika unywele ili maji yaliyokwisha kuingia yasikauke upesi kwa jua na upepo wa kaskazi. Kwa hiyo mafuta yapakwe baada ya kuosha, nywele zikiwa bado na unyevu, na yaanzie kwenye ncha. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe, ila katika nywele za kujiviringa kama zetu mafuta hayo hayateremki kwa urahisi, na ndiyo maana ncha hukauka mwanzo.

Mafuta ya nazi yana sifa moja ambayo bibi zetu waliijua kwa mikono kabla haijapimwa. Mengi ya mafuta mengine hubaki juu ya unywele, lakini karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo chembe zake ni ndogo na zimenyooka, kwa hiyo huweza kupenya hadi ndani. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yanayotokana na petroliamu, wakaona kwamba ni ya nazi peke yake yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa protini inayopotea katika nywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Nawasihi akinamama walichukue hilo la kabla ya kuosha, kwani unywele ukilowa huvimba na ukikauka husinyaa, na kuvimba na kusinyaa huko kila mara ndiko kunakouchosha; mafuta yaliyokwisha kupenya hukupunguza. Mimi huwapaka wateja wangu usiku wa kuamkia siku ya kuosha.

Nyumbani tuliyapata kwa kukuna nazi zilizokomaa, tukakamua tui zito kwa kifumbu, tukalibandika juu ya moto mdogo mpaka maji yakaisha na mafuta yakajitenga na mashapo ya kahawia. Marehemu mama yangu alitia asumini au langilangi yakiwa yameanza kupoa. Nazi nyingi hutoa chupa chache, na yeyote aliyewahi kukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi asubuhi nzima anaelewa kwa nini mafuta hayo hayawezi kuwa rahisi.

Siku hizi mabinti wananiuliza kuhusu siagi ya shea, ambayo hutokana na kokwa za mti unaoota kutoka Afrika Magharibi hadi kaskazini mwa Uganda, na siagi ya kakao. Ni vitu vizuri, nami navitumia. Lakini ni vizito, huyeyuka kwenye joto linalokaribia la mwili wetu, na katika fukuto la huku vikipakwa kwenye ngozi ya kichwa hunata na kukusanya vumbi. Vinafaa kwa ncha tu, na kwa kiasi cha punje ya kunde. Mafuta ya nyonyo nayo ni mazito, hivyo huyachanganya na ya nazi. Mafuta ya karafuu, ambayo kisiwa chetu kinajulikana kwayo, yasipakwe kamwe yakiwa peke yake, kwa sababu ni makali na huunguza ngozi. Na mwenye mba asidhani kwamba ataiondoa kwa kuongeza mafuta kichwani, kwani kuvu wanaohusika na mba hula mafuta hayo hayo; wala asijifunge mtandio nywele zikiwa zimelowa.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Miezi michache iliyopita nilinunua dukani chupa iliyoandikwa kuwa ni mafuta halisi ya nazi. Harufu ya nazi ilikuwapo, tena kali. Mafuta halisi ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na kwenye friji huwa meupe na magumu kama samli. Haya niliyaweka humo siku mbili yakabaki majimaji vile vile. Tayari nilikuwa nimewapaka watoto wa watu, na niliona aibu kuwaambia mama zao.

Naziomba Taasisi ya Viwango Zanzibar na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar zihakikishe kwamba chupa ya mafuta ya nywele haiuzwi Unguja wala Pemba bila ya kuandikwa kwa Kiswahili kila kilichomo ndani, na kwamba yaliyochanganywa hayaitwi halisi. Mnunuzi anayetaka ya rahisi ayanunue akijua ni nini. Wapo akinamama Micheweni na Mkoani wanaokuna na kukamua kwa mikono yao, na chupa zao zinakaa sokoni bila ya kununuliwa kwa kuwa iliyo pembeni yake inauzwa kwa bei ndogo zaidi na imeandikwa maneno yale yale.

Msusi,
Wete, Pemba.