Kabureta imefika, ila kuna jambo

Nyakato, Mwanza

Ndugu yangu Baba Neema,

Salamu sana. Shemeji hajambo? Sisi wazima. Mama anakusalimu na anaulizia hela yake ya dagaa. Hayo malizaneni wenyewe, mimi simo.

Kabureta ilifika salama kwa basi, imeviringishwa kwenye fulana yako ya Simba. Ahsante kwa vyote viwili. Fulana inafutia grisi, wajua mimi ni Yanga.

Kuifunga kwenye ile injini ya 4K ya Corolla haikuwa kazi: nati za chini, mpira wa mafuta, waya wa ekseleta, choki, basi. Ikawaka mara moja, fundi akaanza kudai soda. Toa mguu sasa! Ukikanyaga inanguruma vizuri, ukiachia tu inazima. Hapo ndipo mtaa mzima ulipogeuka mafundi. Huyu pampu, yule plagi, na yule jirani yako wa zamani akasema nimeuziwa feki, eti watu wa Dar ndivyo mlivyo. Nikamuuliza, kabureta feki inapandishaje mlima wa Bugando na watu wanne ndani, halafu ife kwenye tambarare?

Ubavuni pana ile koili ndogo ya duara yenye waya. Ukifungua swichi, inavuta sindano na kuachia mafuta ya sailensi, yaani ya injini kuunguruma bila kukanyagwa; ukizima, inayafunga. Ile ya zamani ilikuwa imeng'olewa sindano tangu enzi za Mjomba, ndiyo maana gari ilitembea bila umeme pale. Fundi alipouona waya wa hii mpya akaukunja na kuupiga tepu, "huu hauna kazi." Nimeuvutia umeme wa swichi. Ukigusisha unasikia tik, na Corolla imetulia hadi Mama akauliza kama imezimwa.

Sasa kilichobaki ndicho kinachoninyima usingizi. Inakunywa mafuta vibaya. Moshi mweusi hata choki, ile ya kubana hewa wakati wa kuwasha, ikiwa imerudi yote, plagi ukizifungua zina masizi makavu kama sufuria ya kuni. Floti, lile boya la kupima mafuta ndani ya kabureta, iko sawa, kwenye kile kioo mafuta yanaonekana katikati. Skrubu ya mchanganyiko nimeikaza polepole mpaka ikagota, nikairudisha mizunguko miwili, nikaitafutia pale mlio unapotulia. Sailensi safi, lakini barabarani moshi uleule. Na ni haki yake, skrubu ile inatawala sailensi tu. Mwendoni anayetawala ni jeti kubwa, kile kipande chenye tundu la kupimia petroli.

Mimi nasema ni hewa. Huku ziwani tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jeti inamwaga petroli iliyopimiwa watu wa pwani. Fundi anacheka, kwake hewa ni hewa. Mwache acheke, masizi anayaona.

Kwa hiyo naomba upite pale ulipoinunua, uulize jeti kubwa ya namba ndogo kidogo kuliko hii. Namba imegongwa kwenye jeti yenyewe, nitakutumia picha. Ya kabureta ya zamani nimeijaribu, nyuzi hazikubali. Wakikuambia nitumbukize uzi wa waya wa shaba kwenye tundu, kama wanavyofanya huku, waambie nimekataa. Leo unapita, kesho umezama ndani, tuanze upya.

Haraka yangu ni harusi ya Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 sina tena kisingizio cha foleni ya kivuko, na Mama ameshatangaza kanisani kwamba atavuka kwa gari ya mwanawe. Kilomita 3 juu ya maji, na moshi nyuma yetu… wewe acha tu.

Hivi lile duka bado lipo, au walishahamishwa? Wanauza jeti moja moja, au mpaka ununue seti? Ile gasketi nene ya chini, ya kuzuia joto, wanayo? Yangu ina ufa kwenye kona. Nimeimwagia maji pembeni mlio haukubadilika, lakini siiamini. Nitume hela, au unataka sato wa kukaanga kwa basi hilohilo? Na Neema, matokeo yametoka? Mbona mmenyamaza?

Ni mimi,
Baba Ester