Siri za ujasusi zisitolewe vipande vipande

Mhariri,

Naandika kuhusu madai ya kutaka siri za idara za ujasusi za Marekani ziwekwe hadharani. Uwazi ni haki ya raia, kwa hilo sina ubishi. Ninachotilia shaka ni nia: wanasiasa wengi hudai zile nyaraka zinazomuumbua mpinzani, na zinazowagusa wao huziita usalama wa taifa.

Februari 2018, Rais Donald Trump aliidhinisha kutolewa kwa waraka wa kurasa 4 ulioandaliwa na Warepublican wa Kamati ya Ujasusi ya Baraza la Wawakilishi, ukidai kwamba FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitumia vibaya mamlaka yake kumchunguza aliyekuwa mshauri wa kampeni ya Trump. Aliuidhinisha ingawa FBI ilikuwa imeonya kwamba umeacha mambo muhimu. Majibu ya Wademokrati yalizuiwa kwanza, kisha yakatoka baadaye mwezi huohuo yakiwa na sehemu zilizofutwa. Mwananchi angepimaje ukweli hapo?

Mwaka 1992 Bunge la nchi hiyo liliunda bodi huru ya kupitia nyaraka za mauaji ya Rais John F. Kennedy. Maombi ya sasa yapelekwe kwa chombo cha aina hiyo, kitoe waraka mzima au kieleze kwa maandishi sababu ya kila sehemu iliyofichwa. Na kisifanye kazi hiyo wakati wa kampeni.

Msomaji wako