Tusimbadilishie mtoto wa paka chakula kila kukicha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowatesa watoto wa paka wengi majumbani: kuharisha kusikokwisha na kususia chakula. Siku hizi makopo na vipakiti vya chakula cha paka vinapatikana kwa wingi mijini, na mfugaji akiona kinyesi kimelegea hukimbilia kununua aina nyingine. Hiyo nayo ikisusiwa, keshokutwa analeta ya tatu. Ndani ya wiki moja tumbo la mnyama wa gramu 700 limeshapokea kuku, jodari, ng'ombe, na maziwa juu yake. Hapo ndipo anapoitwa paka mteuzi mwenye tumbo bovu, ilhali mara nyingi tumbo hilo limekosa tu siku saba za kutulia.

Kabla hujalaumu chakula, shughulikia minyoo. Minyoo mviringo hupita katika maziwa ya mama, hivyo hata aliyezaliwa katika nyumba safi kabisa anaweza kuwa nayo. Dawa huanza akiwa na wiki 3, ikarudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka afikishe wiki 8, kisha mara moja kwa mwezi hadi miezi 6. Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo mweke ndani ya bakuli juu ya mizani ya jikoni kwanza, ndipo umuulize daktari wa mifugo kiasi. Kukata kidonge cha binadamu kwa kukadiria kwa macho ni hatari. Kama ameshapewa dawa na kinyesi bado ni maji, chukua kinyesi cha siku hiyo hiyo kwenye kichupa safi kikaangaliwe kwa hadubini. Vijidudu kama giardia na koksidia haviondoki kwa kila dawa ya minyoo, na haviondoki kamwe kwa kubadilisha kopo.

La pili ni maziwa ya ng'ombe. Paka anapoachishwa kunyonya, uwezo wake wa kumeng'enya sukari ya maziwa hupungua. Sukari hiyo ikifika utumbo mpana bila kumeng'enywa huvuta maji na kuchacha, naye anaharisha. Atayanywa kwa furaha hata hivyo, na furaha hiyo ndiyo inayotudanganya. Aliyekwisha kuachishwa mpe maji safi. Ambaye bado ananyonya na hana mama anahitaji maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka.

Sasa kopo lenyewe. Usitazame picha ya samaki iliyo mbele. Geuza nyuma usome maandishi madogo. Kuna maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana mno: "complete" na "complementary". La kwanza maana yake chakula hicho kimetimia, mnyama anaweza kukitegemea peke yake. La pili maana yake ni kitoweleo tu. Vikopo vingi vya minofu ya jodari au kuku ndani ya maji yake ni vya aina hii ya pili. Ni vitamu, paka anavililia, lakini akilishwa hivyo peke yake kwa muda mrefu atakosa kalsiamu, vitamini na taurini, kirutubisho ambacho paka lazima akipate katika chakula. Taurini ikikosekana, macho hufifia hadi upofu na misuli ya moyo hulegea. Kwa sababu hiyo hiyo chakula cha mbwa hakimfai paka. Tafuta pia neno "kitten" au "growth", au maelezo kwamba kinafaa paka wa umri wote.

Kwa tumbo jepesi, chagua kopo lenye nyama ya aina moja na orodha fupi ya viambato. Kuku au bata mzinga ni pa kuanzia pazuri. Angalia na vitu vya kuufanya mchuzi uwe mzito, kama karagenani na gamu ya guar. Wapo paka ambao kinyesi chao hulainika kwa sababu ya hivyo, hata kama nyama yenyewe inawafaa. Ukiona chakula cha mchuzi kinamlegeza na kile kilichosagwa kikawa kama maini laini hakimlegezi, jibu umelipata bila kubadilisha nyama.

Kubadilisha kunahitaji kijiko na subira. Siku ya 1 na ya 2, changanya vijiko vitatu vya chakula cha zamani na kimoja cha kipya. Siku ya 3 na ya 4, nusu kwa nusu. Siku ya 5 na ya 6, kimoja cha zamani kwa vitatu vya kipya. Siku ya 7 ndipo kipya peke yake. Kinyesi kikilegea katikati, rudi hatua moja nyuma, kaa hapo siku mbili, kisha endelea. Tumbo gumu kuridhika linaweza kuchukua siku 14. Katika muda huo asipewe kingine chochote, hata kipande cha samaki kutoka mezani, la sivyo hutajua nini kimemdhuru. Akishamaliza kuhama, kipe chakula hicho wiki mbili nzima kabla ya kukihukumu.

Kiasi nacho huharibu mambo. Mwenye kilo moja hula takriban gramu 200 hadi 250 za chakula cha kopo kwa siku, kutegemea nguvu iliyomo. Jedwali la kwenye pakiti ndilo la kufuata. Gawa mara nne, na kama tumbo linasumbua gawa mara tano au sita. Tumbo lake ni dogo, na akilishwa mara mbili tu hufakamia kwa njaa, akatapika, kisha tukadhani chakula kimemkataa.

Kuhusu uteuzi wenyewe, mtazame anapokula. Akilamba mchuzi wote na kuacha vipande vikavu pembeni mwa kisahani, pengine vipande ni vikubwa kwa meno yake. Viponde kwa uma, ongeza kijiko kimoja cha maji ya uvuguvugu, vitaondoka. Kati ya miezi mitatu na nusu na sita meno ya utoto hung'oka na ufizi huuma, hivyo kilaini ndicho kitakachopita. Chakula kilichotoka kwenye friji hakitoi harufu sana, na paka hula kwa pua. Weka kibakuli juu ya maji ya moto mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole usikie uvuguvugu wa mwili. Mwenye mafua, aliyeziba pua, huonekana mteuzi kuliko wote: mfute pua kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu ndipo umpelekee sahani.

Kwa joto letu la pwani, kilichobaki kwenye sahani kiondolewe baada ya dakika 30. Nzi hawasubiri. Kopo lililofunguliwa lihamishiwe kwenye chombo chenye mfuniko, likae kwenye friji, lisizidi siku mbili. Asiye na friji anunue vipakiti vya gramu 85, si kopo kubwa, na nusu inayobaki ampe paka mkubwa.

Akiharisha kidogo lakini bado anacheza na kula, kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, mifupa wala chumvi anaweza kumtuliza kwa siku moja au mbili. Isizidi hapo: nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, na mifupa ya anayekua hulainika hadi kuvunjika. Mchuzi wa nyumbani usimpe kabisa, kwani vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na anayewala kila siku anaweza kuanza kuyumba na kupata degedege, kuchemsha kunakiondoa. Dagaa wakavu waloweke, osha mchanga na chumvi, chemsha, na wawe kionjo tu.

Kuna wakati wa kuacha majaribio ya jikoni. Kinyesi chenye damu, kutapika pamoja na kuharisha, fizi zilizopauka, masikio ya baridi, ngozi ya shingoni inayobaki imesimama ukiivuta na kuiachia, au kutokula kwa saa 12 kwa aliye chini ya wiki 8: mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Panleukopenia, ugonjwa wa virusi wa paka, huanza hivyo hivyo na huweza kuua ndani ya siku chache. Chanjo yake huanza akiwa na wiki 6 hadi 8. Na tafadhali, asipewe parasetamo. Kidonge kimoja huua hata paka mkubwa.

Mwisho nina ombi kwa wenye maduka. Wapo wanaofungua mifuko mikubwa ya chakula na kukiuza kwa kupima katika mifuko ya nailoni isiyo na maandishi yoyote. Mnunuzi hawezi kujua ni cha umri gani, kina nyama gani, wala kinaisha lini. Wabandike karatasi yenye jina la chakula, umri wa paka anayelengwa, viambato na tarehe ya mwisho ya matumizi. Anayefuga paka mwenye tumbo jepesi hawezi kufuata hata hatua moja niliyoitaja hapo juu kama hajui alichonunua.

Mfugaji wa paka,
Tanga