Kabla Injini Haijafunguliwa: Kumdai Mtengenezaji wa Gari la Kifahari Ukiwa Mwanza

Mercedes, BMW, Range Rover au Lexus ikipata ubovu mkubwa hapa Mwanza, mara nyingi hupitia mikononi mwa mafundi wawili watatu kabla mwenyewe hajaanza kuwaza kwamba huenda kosa ni la kiwanda. Kufikia hapo namba za hitilafu zimeshafutwa kwenye kompyuta ya gari, oili imemwagwa, na spea iliyotolewa imekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mtengenezaji akiandikiwa anajibu kwa sentensi mbili na jambo linaishia hapo. Madai ya namna hii hushinda au hufa kabla bolti ya kwanza haijalegezwa, na makala hii inaeleza kazi ya kufanya katika muda huo.

Kwanza jiridhishe kwamba ni kasoro kweli. Kasoro ya kiwandani ni kitu kilichosanifiwa au kutengenezwa vibaya, kikafa mapema ingawa gari lilitunzwa. Mazingira yetu huzalisha ubovu mwingi unaofanana na kasoro lakini si kasoro.

Chukua shokapu za upepo. Mpira wake huchoka kwa umri, na barabara za mawe zinazopanda milimani hapa mjini huuchosha haraka zaidi. Ukianza kuvuja, kompresa inalazimika kujaza upepo kila mara hadi inaungua, kisha mwenye gari anaambiwa kompresa ilikuja mbovu. Kabla ya kumlaumu yeyote, pima. Jioni egesha gari kwenye sakafu tambarare, chukua futi, pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi kwenye magurudumu yote manne, andika kwa milimita. Rudia asubuhi kabla ya kuwasha. Kona moja ikiwa imeshuka, uvujaji uko kwenye mpira au kiungio cha kona hiyo na povu la sabuni litakuonyesha mahali. Range Rover na Discovery huweza kuamka zenyewe usiku na kujishusha kufuata kona iliyo chini zaidi, kwa hiyo toa kwanza fyuzi ya mfumo wa upepo, la sivyo kipimo kitakudanganya. Ukikuta mpira wa miaka kumi unavuja, huo ni uchakavu. Nunua spea, okoa muda wako.

Joto la injini nalo lina mtego wake. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji matupu yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Injini nyingi za kisasa za Ulaya zimesanifiwa kufanya kazi karibu na nyuzi 100 au zaidi. Zinategemea kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, pamoja na kifuniko kinachoshika shinikizo. Ukijaza maji ya bomba, silinda hedi ikapinda, mtengenezaji ataona kutu ndani ya njia za maji na hatakuwa na haja ya kusoma barua yako hadi mwisho.

Kasoro halisi ina sura nyingine

Mfano unaofahamika vizuri ni injini ya M272 ya Mercedes-Benz, V6 ya petroli iliyofungwa kwenye C, E, ML na nyinginezo kuanzia 2004. Ndani ya bloku kuna shafti ya kupunguza mtikisiko, na gia yake huzungushwa na cheni ya taimingi. Kwenye injini za miaka ya mwanzo, chuma cha gia hiyo hakikuwa kigumu vya kutosha. Meno yanalika, cheni inakosa mkao wake, kamshafti (shafti zinazofungua vali) zinachelewa. Taa ya injini inawaka na mashine ya kupimia inasoma namba 1200 au 1208.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Fundi anabadilisha sensa, taa inarudi. Anabadilisha sumaku za kamshafti, taa inarudi. Anafunga cheni mpya juu ya gia iliyolika, taa inarudi tena. Gia yenyewe haifikiki bila kushusha injini nzima, na hakuna anayetaka kuanza na kazi hiyo kwa kubahatisha.

Lakini kuna njia ya kuona bila kushusha chochote. Zungusha puli ya kranki hadi alama ya nyuzi 305 ilingane na kielekezi, kisha chomoa sensa za kamshafti mbele ya silinda hedi. Kupitia tundu la kila sensa utaona gurudumu lenye mkato, na mkato huo unapaswa kukaa katikati ya tundu. Ukiwa umehama, piga picha ya tundu, kisha picha ya puli ikionyesha 305, mfululizo bila kugusa kitu katikati. Halafu soma namba ya injini. Mtengenezaji alibadilisha gia hiyo kuanzia injini namba 2729..30 468993, zile nukta mbili zikiwa ni tarakimu za aina ya injini. Isome kwenye chuma cha bloku, si kwenye kadi ya gari, maana magari mengi yanayotumika huku yamewahi kubadilishwa injini. Namba ikiwa chini ya hiyo, hitilafu imesomwa na mkato umehama, una madai yenye miguu. Jambo hili lilifika hadi mahakamani Marekani, kwa hiyo kiwanda hakiwezi kujifanya hakilijui.

Ushahidi unavyokusanywa

Gari likianza mlio au kupoteza nguvu, lizime na libebwe. Kuliendesha hadi gereji kunampa mtengenezaji jibu rahisi: uliendelea kuendesha ukijua kuna tatizo.

Usikubali waya wa betri utolewe ili kuzima taa. Tunajua ni mazoea ya gereji nyingi, lakini kitendo hicho kinaweza kufuta kumbukumbu iliyohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea: mwendo, joto la injini, mizunguko, mzigo. Soma kompyuta zote za gari, si ya injini peke yake, toa chapa ya karatasi au hifadhi faili lenye tarehe, namba ya chesisi na kilomita. Baada ya hapo ndipo unaweza kufuta ili kuona zipi zinarudi.

Piga video ya gari likiwashwa baridi. Anza na dashibodi ili kilomita zionekane, fungua boneti, washa, usikate. Mlio wa cheni au vali mara nyingi hudumu sekunde chache tu kabla oili haijapanda, na video iliyokatwa haina thamani mbele ya mhandisi wa kiwanda.

Oili ichukuliwe kabla ya kumwagwa yote. Acha ya mwanzo itiririke kidogo, kinga mililita 100 hadi 150 kwenye chupa safi na kavu, fanya hivyo kwa chupa mbili. Moja ni ya kupima, nyingine ifungwe kwa utepe na kusainiwa na wewe pamoja na fundi. Filta ya oili ikatwe kwa kisu, karatasi yake ikunjuliwe juu ya kitambaa cheupe. Pitisha sumaku: chembe zinazonasa ni chuma cha gia, cheni au shafti. Zinazong'aa na hazinasi kwa kawaida ni za beringi au pistoni. Piga picha kabla na baada ya sumaku.

Spea yoyote inayotolewa isioshwe kwa petroli. Itie kwenye mfuko, andika tarehe, kilomita na upande ilipotoka, hakikisha namba ya spea inaonekana kwenye picha. Ukikabidhi spea hiyo kwa wakala, dai hati ya makabidhiano.

Kwa injini inayokula oili, maneno hayatoshi, fanya kipimo. Jaza hadi alama ya juu gari likiwa limepoa kwa muda uleule kila mara, paka rangi kwenye bolti ya kumwagia na kwenye kifuniko ili ijulikane kama vimefunguliwa, andika kilomita. Baada ya kilomita 1,000 jaza tena kwa chupa yenye vipimo na uandike ulichoongeza. Soma kitabu cha gari kabla ya kufurahia matokeo: vitabu vya Mercedes-Benz, kwa mfano, huhesabu hadi lita 0.8 kwa kilomita 1,000 kuwa kawaida. Nusu lita itakuudhi, lakini kwa karatasi zao wewe huna dai.

Risiti za oili nazo ni silaha. Risiti ya EFD iandike aina kamili, kwa mfano oili yenye kibali cha MB 229.5 au BMW Longlife-04, si "oili lita 8". Swali la kwanza kutoka kiwandani litakuwa hilo.

Gari lisilo na waranti bado lina haki ya usalama

Magari mengi ya kifahari yanayoshuka bandarini Dar es Salaam na kuja huku yameshavuka muda wa waranti, au yaliuzwa kwa soko la Japani au Uingereza. Waranti imekwisha, hilo halina ubishi. Wito wa kurudisha magari kwa ajili ya usalama ni jambo tofauti. Unaambatana na namba ya chesisi, na haufutwi kwa sababu gari limebadilisha mmiliki.

Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata, kampuni ya Kijapani, ndiyo ya kuangalia kwanza. Kilipuzi chake cha amonia naitreti huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na hali ya hewa ya kando ya ziwa ina vyote viwili. Mfuko ukifyatuka, kopo la chuma linaweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva. BMW, Mercedes-Benz na Lexus ni miongoni mwa zilizohusika. Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017, lakini wajibu ulibaki kwa watengenezaji wa magari. Wenye Crown na Lexus wakumbuke pia wito wa Toyota wa Julai 2010, magari yapatayo 270,000 duniani, kwa ajili ya springi za vali kwenye baadhi ya injini za V6 na V8.

Kuangalia ni bure. Gari lililouzwa Marekani lina namba ya chesisi ya herufi na tarakimu 17, iingize kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ukijua kwamba haionyeshi wito wenye zaidi ya miaka 15. La Uingereza hutafutwa kwa namba ya usajili ya huko, ambayo utaikuta kwenye nyaraka za kusafirishia. La Japani lina namba fupi yenye kistari katikati, na hutafutwa kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Kijapani. Usiichanganye na ile ya tarakimu 17, ndiyo sababu watu wengi huambiwa "namba haipo" wakakata tamaa.

Nani aandikiwe, na nini

Aliyekuuzia ndiye wa kwanza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji wa bidhaa za aina hiyo atoe kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa. Lakini ulilolikagua ukaweza kuliona halikulindi, ndiyo maana ripoti ya fundi iseme wazi kama kasoro ilikuwa imefichika. Gia iliyo ndani ya bloku imefichika, tairi lililopasuka halijafichika. Ukikaa na gari muda mrefu bila kulalamika utahesabiwa umelikubali, kwa hiyo andika mara tu unapogundua. Ukiona maneno "linauzwa kama lilivyo" kwenye mkataba, mpe mwanasheria ayasome kabla hujajinyamazisha mwenyewe. Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003.

Barua kwa mtengenezaji iwe ukurasa mmoja: namba ya chesisi, namba ya injini, kilomita, tarehe dalili zilipoanza, namba za hitilafu, kipimo kilichofanyika, na ombi moja linalotamkika. Kama waranti imekwisha, usidai gari jipya. Omba mchango wa spea, kwa jina na namba ya spea. Watengenezaji wengi wana bajeti ya hisani kwa kasoro zinazojulikana, na mhudumu anaweza kuidhinisha spea ya gia kwa urahisi kuliko kuidhinisha fidia. Pata namba ya shauri, na kila barua pepe inayofuata iwe nayo.

Jibu likiwa "gari si la soko lenu", rudisha swali: je, kasoro hii ilikubaliwa katika soko lilikouzwa? Likiwa "ni matumizi ya kawaida", waombe kipimo kinachotenganisha kawaida na kasoro, kwa maandishi. Likiwa "spea si orijino", onyesha risiti au ukubali kama ni kweli. Kudanganya hapo huua hata sehemu ya madai iliyokuwa nzuri.

Gereji yetu huandaa ripoti ya namna hii kama kazi inayojitegemea. Bei yake husemwa kabla, na hulazimiki kutengenezea gari kwetu. Ripoti ikionyesha uchakavu, itaandikwa uchakavu. Leta kadi ya gari, nyaraka za kusafirishia, mkataba wa kununua na risiti zote ulizonazo hata kama zimefifia. Gari likiweza kutembea salama lilaze kwetu usiku mmoja, ili asubuhi tuliwashe likiwa limepoa kabisa na kamera ikiwa tayari.