Barua kwa mwanangu: usiku ambao hawakukuandika

Tororo, Uganda

Mwanangu,

Habari za huko. Sisi hapa hatujambo. Mama yako anaendelea na dawa zake za presha, na tangu Jumatatu uliyotoka mahabusu amekubali kulala. Nakuandikia kwa kalamu na barua nitampa kijana wa basi ninayemfahamu, kwa sababu ile simu yako ilikaa kwa polisi tangu Alhamisi walipokukamata redioni, na simu haikai pale bila kufunguliwa. Nunua nyingine. Ukikosa hela, sema.

Wewe umekulia kambi ya polisi, kwenye vile vibanda vya mama-ingia-pole, kwa hiyo unajua baba yako hakuwahi kuwa mwanasiasa. Haya ninayokuambia ni ya kazi, ya mtu aliyekaa kaunta ya kituo cha polisi miaka mingi mpaka akastaafu.

Kila anayepita hapa nyumbani anasema tumshukuru Mungu umeachiwa. Mungu tunamshukuru, lakini hujaachiwa. Mkobani una karatasi ya bondi, dhamana ya polisi, inayokutaka uripoti kituoni kila Jumanne, na shitaka hakuna. Kazi ya karatasi hiyo naijua. Utafika saa tatu, utaambiwa mpelelezi ametoka. Utakaa kwenye benchi. Saa saba utaambiwa faili liko kwa mwanasheria wa serikali, rudi wiki ijayo. Wiki ijayo afisa amehamishwa, na huyu mpya hajalisoma. Hakuna atakayekupiga wala kukutukana, wengine watakuuliza hata habari za nyumbani. Nauli itakuishia, kazini watakuchoka, marafiki waliokusindikiza mara ya kwanza watapata shughuli. Mwisho wake mtu huanza mwenyewe, bila kuombwa, kuahidi kwamba redioni hataenda tena, ili mradi faili lifungwe. Bondi ya polisi ni bure, imebandikwa ukutani vituoni, ila malipo yake ni hayo.

Sasa tulia unisikilize. Uliniambia kwenye simu, tena kama jambo la kupita, kwamba usiku wa kwanza hakuna aliyekuandika. Walikushusha kwenye ile droni, gari lao lisilo na namba, wakakupitisha kaunta bila kusimama, viatu ukavulia mlangoni mwa selo. Ijumaa mchana ndipo walipokuita ukataja jina, wakahesabu vitu vyako. Binti yangu, kesi yako iko hapo. Haiko kwenye yale uliyosema redioni kuhusu fedha za kituo cha afya, ingawa najua ndiyo yanayokuchoma.

Pale kaunta kuna vitabu viwili. Kimoja ni daftari la kituo, ambamo kila tukio linaingia kwa saa yake na namba yake. Kingine ni daftari la mahabusu: jina, kosa, saa ya kuingia, nani amemleta, hali ya mwili wake, alichonacho. Mkanda mmoja. Simu moja, kioo kimepasuka. Shilingi 7,000. Mtu anatia sahihi. Ukishaandikwa hivyo, saa 48 za Ibara ya 23 ya Katiba zina mahali pa kuanzia, na kila anayepokea zamu anakupokea na wewe. Ukivimba uso usiku, asubuhi kuna mtu wa kuulizwa, kwa sababu jana yake imeandikwa umeingia uso ukiwa mzima. Ndiyo maana kwenye kituo neno la kuogopa si "mpeleke ndani". Neno la kuogopa ni "usimwandike kwanza". Nimelisikia likisemwa kwa upole kabisa, mtu ameshika kikombe cha chai. Mara nyingi huja kwa simu kutoka kwa mkubwa, na konstebo wa kaunta hubaki na kalamu mkononi akijiuliza atasema nini huyu mtu akifia ndani. Wale vijana waliopotea baada ya ghasia za Novemba 2020, zile ambazo serikali yenyewe ilikiri watu 54 wamekufa, mama zao walizunguka kituo hadi kituo wakiambiwa jina hilo halimo kitabuni. Na kweli halikuwemo.

Basi mwambie mwanasheria wako aandike barua aombe nakala za kurasa za Alhamisi na Ijumaa za vitabu vyote viwili. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inawapa siku 21. Wakikaa kimya, kimya hicho sheria inakihesabu kuwa ni kukataa, na unakwenda nacho kwa hakimu. Watasema ukurasa umelowa, au kitabu kilijaa kikapelekwa stoo. Mwombe aliyesema hivyo aweke sahihi. Utaona uso wake unavyobadilika.

Halafu kuna Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019. Hiyo haiishii kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye hulipa fedha ambazo si zake au halipi kabisa. Inamfuata afisa mwenyewe kwa jina lake, na mahakama inaweza kumwamuru atoe sehemu ya fidia mfukoni mwake. Mimi nakuambia, hakuna mafunzo ya haki za binadamu, yale ya hotelini yenye chai na posho, yatakayomgusa afisa kama hilo la mfukoni.

Utasema mahakama zenyewe ni zao. Nakujua. Ngoja nikukumbushe jambo lililotokea ukiwa bado hujajua kusoma. Mwaka 1997 gazeti la Monitor liliandika habari ya dhahabu ya Kongo, na waandishi wake Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda wakashitakiwa kwa kuchapisha habari za uongo, kifungu cha 50 cha sheria ya makosa ya jinai. Mwaka 1999 hakimu akawaona hawana hatia. Mtu mwingine angekwenda kunywa bia yake akasahau. Wao walikuwa wanadai kwamba kifungu chenyewe kinapingana na Katiba, na hawakuliacha dai hilo. Mahakama ya Katiba ikawakatalia. Wakapanda Mahakama ya Juu, na Februari 2004 kifungu kikafutwa. Miaka yote hiyo kwa ajili ya shitaka ambalo wao lilikuwa limeshawatoka shingoni! Baadaye, mwaka 2010, kosa la uchochezi nalo likaanguka katika Mahakama ya Katiba. Na kile kifungu cha 25 cha sheria ya kompyuta, cha "mawasiliano ya kuudhi", kilichowapeleka wengi kizimbani kwa maneno ya Facebook, kilipingwa mwaka 2016 na kikafutwa Januari 2023.

Sikufichi upande wa pili. Hawa watu ukiwafungia mlango wanapitia dirishani. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba iliwanyang'anya polisi mamlaka ya kuzuia mikutano, katika kesi ya Muwanga Kivumbi. Mwaka 2013 Bunge likayarudisha ndani ya sheria mpya ya mikutano ya hadhara, na ikachukua hadi 2020 majaji kuyafuta tena. Januari 2025 Mahakama ya Juu ilisema raia asishitakiwe mbele ya mahakama ya kijeshi. Juni ya mwaka huohuo sheria nyingine ilikuwa imeshatiwa sahihi kuwarudisha huko. Na wapo walioshindwa tangu mwanzo: waandishi wawili walioomba kuona mikataba ya mafuta walikwenda mahakamani na hakimu wa Nakawa akawakatalia mwaka 2010, ingawa ile sheria ya 2005 ninayokusifia hapa ilikuwepo.

Kwa nini basi nakusukuma? Kwa sababu ya yule konstebo wa kaunta. Yeye hasomi magazeti ya Kampala, lakini kifungu kikishafutwa, hawezi tena kukiandika kwenye karatasi ya mashitaka. Faili litarudishwa na yeye ndiye atakayefokewa. Itabidi watafute kosa jingine. Kutafuta kunachukua muda, mara asubuhi nzima, na katika muda huo mtu hupata kupiga simu, ndugu wakajua yuko wapi, mwanasheria akafika. Nimeona watu wakilala kwao usiku huo kwa sababu tu mpelelezi hakuwa na kifungu cha kuandika. Sitegemei zaidi ya hapo, lakini hapo napategemea.

Sasa mtangazaji mliyekamatwa naye. Hili limenikaa moyoni kuliko lako. Wewe una mwanasheria, una wenzako wa Kampala waliopiga kelele, picha yako ilizunguka. Yeye walimtoa hewani wakati wa matangazo ya biashara, wakaweka muziki, wakambeba nawe kwenye gari moja, na alipotoka Jumatatu akakuta mlinzi ameambiwa asimfungulie geti. Redio zetu za huku unazijua zilivyo. Mwenye redio ni mwanasiasa au swahiba wa mwanasiasa, leseni anaiogopea kama roho yake, na namba ya meneja anayo kila mkubwa wa wilaya. Amri ya mahakama haihitajiki, simu moja inatosha. Septemba 2009, ghasia za Buganda zilipozuka, CBS, redio ya ufalme wa Kabaka, ilifungwa na ikakaa kimya hadi Oktoba 2010. Siku zilezile ebimeeza zikapigwa marufuku, ile mijadala ya redioni ambapo mtu yeyote alishika maikrofoni akamwuliza mbunge kilipo kisima. Watu walizungumza juu ya Kabaka na serikali. Nani alizungumza juu ya wafanyakazi waliokaa zaidi ya mwaka bila kituo? Hawa wa redio ndogo, wanaolipwa kidogo na bila mkataba, ndio wanaoushikilia huo uhuru wa habari mnaoutaja kwenye semina.

Kwa hiyo nenda kwake. Usimpigie, nenda, ukae na mke wake, na usiende mikono mitupu. Chukua sukari, chukua sabuni. Mwulize kama anataka kuwa mlalamikaji pamoja nawe. Akikubali, jina lake liwe la kwanza, na michango inayokusanywa kwa ajili yako igawanywe. Akikataa, usimlaumu na usilitaje jina lake popote, hata kwa kumsifu. Ana watoto wa shule, na atatafuta kazi kwa watu walewale.

Kuna hili lingine nilitaka kuliacha ila mama yako amesema niliandike. Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021 na bado wote mmo humo, hata shangazi yako, aliyefundishwa VPN na wajukuu. Basi alisoma tusi uliloandika humo Jumanne kuhusu mama mzazi wa mkubwa yule, akanipigia saa nne za usiku. Mwanangu, sikuungi mkono. Dr. Stella Nyanzi, yule mwanaharakati, alihukumiwa miezi 18 mwaka 2019 kwa shairi la kumtukana Rais, na mimi niliyelisoma na kuona haya nasema hata siku moja hakustahili kulala gereza la Luzira kwa shairi. Mahakama Kuu nayo ikamwachia Februari 2020. Serikali isimfunge mtu kwa tusi. Lakini wewe uliuliza swali zuri la fedha za dawa, swali ambalo hawajalijibu hadi leo, na sasa wamepata kitu kingine cha kuzungumzia. Wiki nzima wanajadili mdomo wako. Kituo cha afya kimesahaulika. Kama ningekuwa upande wao ningefurahi sana.

Jumanne usiende peke yako. Nitapanda basi la Jumatatu asubuhi, nitalala kwako. Mwambie mwanasheria awe kaunta saa mbili na nusu, kabla yako, na kila neno "rudi wiki ijayo" aombe liandikwe nyuma ya bondi, na tarehe. Vaa viatu vya kamba kama kawaida yako, usivae kama mtu aliyejiandaa kulala ndani. Wale wanasoma hayo. Simu acha kwa jirani.

Ikiwa siku hiyo wataamua kukupeleka mahakamani, hakimu atataka wadhamini wawili wa kueleweka, wenye vitambulisho na barua za LC1, baraza la kijiji. Yangu ninayo tayari. Mwenyekiti alitaka hela ya muhuri, nikamwuliza risiti ni ya rangi gani, akagonga bure. Mdhamini wa pili ni shangazi yako. Bado anasema uachane na mambo hayo uolewe, na atakuambia hivyohivyo ndani ya basi, kituoni, na hata mbele ya hakimu akipata nafasi. Barua yake ya LC1 aliifuata mwenyewe, mimi sikumwomba. Ameuliza tu kama nauli ya kurudi utamlipia wewe, nikamwambia ndiyo.

Baba yako